Nikijua Kipunjabi nitapata kazi Bradford?

Habari za huko nyumbani jamani. Kila video swali ni lile lile: "Dada, nikijua Kipunjabi si nitapata kazi Uingereza chapchap?" Leo nalijibu. Mtakaosema naringa, au nimeanza tena kulalamika, nisikilizeni kwanza.

Kipunjabi ni lugha ya Punjab, eneo lililogawanyika kati ya India na Pakistan. Lakini Kipunjabi kipi? Wazee wengi wa Kipakistani hapa Bradford asili yao ni Mirpur, huko Kashmir upande wa Pakistan. Bwawa la Mangla, lililokamilika mwaka 1967, liliuzamisha mji wao wa zamani, watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa, na wengi wakaishia huku kwenye viwanda vya nguo. Lugha yao wanaiita Kipahari, wengine Kipothwari. Vitabu vinafundisha Kipunjabi cha Lahore na Amritsar, miji mikubwa ya Punjab. Kitabuni "nipe mimi" utaanza na "mainu". Bibi ninayemhudumia anasema "miki". "Nitafanya" kitabuni ni "karanga", kwake ni "karsan". Neno la umiliki, kama "ya" yetu, kitabuni ni "da", kwake ni "na". Ni sawa na kumchukua mtu wa Kiswahili cha darasani ukamwacha Makunduchi apige soga na wazee.

Haya, pesa. Kozi ya ukalimani nimeilipia kwa kudunduliza mshahara wa kulea wazee. Naenda kwa wakala wa wakalimani, fomu ina Kipunjabi na Kiurdu, lugha ya taifa ya Pakistan, basi. Kipahari hakimo. Nauli juu yako, na mgonjwa asipotokea hulipwi. Halafu kuna ndugu huko wanadhani mkalimani analipwa kama daktari, nikisema sina naambiwa nimebadilika! Inauma.

Lakini kinachoniuma zaidi nilikiona kliniki. Mama wa Mirpur kaletewa mkalimani wa Kiurdu safi. Mama anatikisa kichwa, "haan, haan", yaani ndiyo, ndiyo, daktari anaandika kaelewa. Nje ananishika mkono, ananiuliza vidonge anywe kabla ya kula au baada. Na wanawe wenyewe wanamwambia lugha yake ni ya kijijini, ya aibu. Aibu ya nini? Ni lugha kamili, ina sarufi yake.

Sisemi usisome. Kila mtu na riziki yake, na ukienda Southall, London, utakuta Masingasinga wengi wa Doaba, sehemu ya Punjab ya India, ambao "v" kwao mara nyingi hugeuka "b", hivyo haya yangu yasikufae. Mimi nimejifunzia kwa wazee wenyewe, bure, zamu za usiku. Ada ya kozi naiandika chini ya video. Jina la wakala msiniulize, sitaji.