Kipindi cha 47: Mgeni siku mbili

ZUU: Tumerudi jamani, ni wale wale, na kabla hata ya salamu namwomba Beka aseme "sasa sisi sote tusimame".

BEKA: Hatuanzi hivo.

ZUU: Sema tu.

BEKA: Shasha shishi... (anacheka) We mbaya we, Zuu.

ZUU: Mnaokumbuka lile jino lake la juu alilolitegua na baiskeli enzi hizo, la pili kutoka katikati, basi taarifa ndo hiyo, limekwenda. Jumatatu.

BEKA: Limekwenda. Mzizi ulipasuka, daktari akaniambia hapa hakuna tena cha kuziba, tunang'oa. Ganzi, kuvuta kidogo, likatoka. Na papo hapo nikavishwa hiki kidubwasha, kibao cha plastiki ya pinki kimelala kwenye kaakaa na jino moja limesimama mbele kama mlinzi wa getini. Vipimo alishavichukua kabla, ndo maana kilikuwa tayari. Akasema leo usikivue kabisa, lala nacho, kuanzia kesho ndo uwe unakivua usiku. Sasa we lala na kitu kama hicho uone, mate yanajaa mdomo unadhani umepewa chakula, na ulimi unakikagua mpaka alfajiri.

ZUU: Pole kaka. Kwa hiyo leo tunalinganisha njia za kuziba pengo...

BEKA: Mwanya.

ZUU: Pengo, Beka. Mwanya mtu anazaliwa nao, mwanya ni urembo. Hilo lako ni pengo.

BEKA: Mke wangu anasema mwanya.

ZUU: Akipenda chongo huita kengeza. Haya, nina mambo matano humu kwenye daftari, nataka msikilizaji atoke na kitu. Ila kwanza waambie habari za Mgeni.

BEKA: Mgeni ni hicho kidubwasha. Jumanne usiku nimekivua nimekitia kwenye glasi, mpwa wangu kaamka kunywa maji, akakuta jino linamwangalia. Akaja kuniamsha, anko, kuna mgeni kalala kwenye maji.

ZUU: (anacheka) Sasa methali si unaijua.

BEKA: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatano nikampa jembe.

ZUU: Jembe gani?

BEKA: Nilikuwa nafungua pakiti ya betri. Kwa meno. Mazoea tu, jino hilo lilikuwa mkasi wangu miaka yote. Nikasikia ta! Kutazama, jino liko kwenye pakiti, kibao kimebaki mdomoni.

ZUU: Usiniambie ulitia gundi.

BEKA: Kopo lilikuwa mkononi tayari. Mke wangu ndo kanizuia, na daktari alivyoambiwa akasema bora, maana watu wanabandika wenyewe kinakaa upande, halafu hata fundi hawezi tena kukilinganisha, na ile gundi si kitu cha kukaa kinywani. Plastiki inaungika vizuri tu, jioni Mgeni karudi.

ZUU: Na umemwogesha na nini?

BEKA: Dawa ya mswaki.

ZUU: Ndo hapo! Dawa ya mswaki inamkwaruza, na kwenye mikwaruzo ndo vijidudu vinapanga chumba. Sabuni ya kawaida na mswaki laini, umsuuze vizuri. Na maji yasiwe ya moto, akipinda hakukai tena. Na uweke taulo au maji kwenye beseni, maana akiteleza akapiga sinki ni yale yale ya Jumatano.

BEKA: Mgeni gani huyu ana masharti kuliko mwenye nyumba?

ZUU: Afadhali wako. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, anaapishwa 1789 kabakiwa na jino lake mwenyewe moja tu. Watu wanasema alikuwa na meno ya mbao, si kweli, yake yalikuwa na pembe ya kiboko, meno ya watu wengine, na springi za kuyasukuma yakae.

BEKA: Ngoja. Kibogoyo mwenye meno ya kiboko?

ZUU: Na springi. Akifungua mdomo vibaya Mgeni anaruka nje.

BEKA: (anacheka kwa muda) Basi, sitalalamika tena. Mimi hata hivyo Mgeni ni wa muda tu, nataka implanti.

ZUU: Nilijua.

BEKA: Skrubu ya chuma cha titani ndani ya mfupa, juu yake jino. Na unajua ilianzaje? Msweden mmoja, Brånemark, mwaka 1952 alikuwa anachunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani, kumaliza anataka kukitoa, hakitoki! Mfupa umekishika. 1965 ndo akamwekea mgonjwa wa kwanza.

ZUU: Hata huko sungura ndo mjanja. Lakini Beka, skrubu ikishaingia unaingojea ishikane na mfupa, miezi 3 mpaka 6, na mfupa ukiwa haba unaongezewa kwanza. Muda wote huo uko na Mgeni. Mimi daraja langu, jino la bandia lililovalishwa juu ya meno mawili ya jirani, wiki chache tu, mwaka wa kumi na moja huu, sijui hata liko upande gani.

BEKA: Daraja lako lilisaga meno mawili.

ZUU: Yalikuwa yameshazibwa nusu nzima, yalihitaji kofia za kuyafunika hata hivyo.

BEKA: Ya kwako. Ya kwangu mazima. Nisage meno mawili mazima kwa ajili ya moja lililokufa? Enameli, lile ganda gumu la jino, ikishasagwa hairudi, Zuu. Na chini ya daraja mfupa unaendelea kunywea.

ZUU: Kuna la kubandika, linashikwa na kibawa nyuma ya jino la jirani, halisagwi karibu kitu. Kwa jino la mbele kama lako ndo mahali pake.

BEKA: Linabanduka.

ZUU: Likibanduka linabandikwa! Skrubu ikikataa je? Na wewe na sigara zako?

BEKA: Nimepunguza.

ZUU: Fizi hazijui kupunguza. Daktari hakukuambia sigara inaongeza hatari ya kukataa?

BEKA: Kaniambia. Nitaacha.

ZUU: Tangu kipindi cha 12 unaacha.

BEKA: Sawa, lakini hujanijibu. Kwa nini jirani mzima alipe deni la marehemu?

ZUU: Na wewe hujanijibu kwa nini ukatwe fizi utobolewe taya wakati kuna njia ya kukaa kitini mara mbili tatu ukaondoka na jino.

BEKA: Kwa sababu sitaki kugusa wazima.

ZUU: Na mimi sitaki kutobolewa.

BEKA: Basi.

ZUU: Basi nini? Hujanishawishi hata chembe.

BEKA: Wala wewe. (kimya) Zuu, saa.

ZUU: Mungu wangu. Dakika mbili? Na mambo yangu matano?

BEKA: Soma haraka.

ZUU: La kwanza, kabla ya kuamua njia yoyote tibu fizi kwanza, na mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za mifupa na za kisukari, kwa sababu... hapana, hili lina maelezo, haliwezi. La pili ni magego, kwamba si kila gego likitoka lazima lirudishwe, na hapo najua utabisha.

BEKA: Nitabisha sana.

ZUU: Basi lifungwe daftari. Mrudishe Mgeni mdomoni tuage, huwezi kufunga kipindi ukiwa na pengo.

BEKA: Mwanya.

ZUU: Pengo.

BEKA: Mwanya, na kwaherini washikilizaji.