Mafuta ya Mwamba Tope na Shamba la Mkulima

Wazee wetu, akina mama, ndugu wakulima mliotoka Ahero, Nyakach na Muhoroni, na wanafunzi wa vyuo vya hapa Kisumu, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya uchimbaji wa mafuta yaliyomo ndani ya mwamba tope, manufaa yake na madhara yake kwa watu wa mashambani. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutafuta na kupima maji ya visima, kwa hivyo mtanisikia nikirudi kwenye maji kila mara, kwa sababu naamini huko ndiko mkulima atakakoguswa kwanza.

Mwamba tope ni tope la chini ya maziwa na bahari za kale, lililogandamizwa kwa mamilioni ya miaka likawa jiwe lenye matabaka membamba. Mabaki ya viumbe yaliyozikwa humo yalipikwa na joto la ardhi yakageuka mafuta. Sehemu ya mafuta hayo huponyoka, hupanda polepole na kukusanyika katika mawe ya mchanga yenye vinyweleo, na ni mafuta ya namna hiyo yaliyopatikana Lokichar, Turkana, mwaka wa 2012 katika kisima cha Ngamia-1. Mafuta ya Turkana, basi, si ya mwamba tope, ingawa wengi huyachanganya. Ninayozungumzia leo ni yale yaliyobaki yamenaswa ndani ya jiwe mama, yaani ule mwamba tope yalimozaliwa. Ili yatoke, kisima hushuka wima, na katika eneo la Bakken, jimbo la North Dakota nchini Marekani, hushuka karibu kilomita tatu, kisha hupinda na kwenda mlalo kilomita nyingine kama hizo, halafu maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa humo kwa shinikizo kubwa mpaka jiwe lipasuke. Mchanga hubaki katika nyufa ukizizuia zisijifunge, na mafuta huanza kutiririka.

Manufaa yake si ya kubuni. Mwaka wa 2008 Marekani ilikuwa ikitoa takriban mapipa milioni 5 ya mafuta ghafi kwa siku. Kufikia mwaka wa 2019 ilipita milioni 12, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka katika miamba ya aina hii. North Dakota, jimbo la wakulima wa ngano ambalo vijana walikuwa wakilihama, lilivuka mapipa milioni moja kwa siku mwaka wa 2014. Mji mdogo wa Williston ulikuwa na watu wasiofika 15,000 katika sensa ya 2010, na katika sensa ya 2020 walikuwa zaidi ya 29,000. Wapo wakulima waliolipa madeni ya benki yaliyowasumbua tangu enzi za baba zao. Tena jambo moja walilifanya kwa busara ninayoiheshimu sana: mwaka wa 2010 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kuanzisha mfuko wa akiba, ukawa unapokea asilimia 30 ya kodi ya mafuta na gesi, ili wajukuu nao wakute kitu.

Lakini kisima cha mwamba tope kina tabia moja ambayo mtu wa kijijini hana budi kuielewa kabla ya kuambiwa habari ya ajira. Kisima cha kawaida kinaweza kutoa mafuta kwa miongo kadhaa kikipungua taratibu. Kisima cha mwamba tope hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wake ndani ya mwaka wa kwanza, kwa sababu mafuta yanayotoka ni yale tu yaliyo karibu na nyufa. Kampuni inayotaka kudumisha mapato yake hulazimika kuchimba kingine, na kingine tena, bila kupumzika. Ndiyo sababu uchimbaji huu hutawanyika juu ya nchi nzima ya wakulima, haukai mahali pamoja kama mgodi. Ndiyo sababu pia ajira zake zimefungamana na kuchimba kuliko kutunza: bei ya mafuta ilipoporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, mitambo iling'olewa na wafanyakazi wakaondoka, huku Williston ikibaki na mikopo ya barabara na mabomba iliyojengewa watu waliokwisha kwenda. Kabla ya hapo, kodi ya nyumba katika mji huo ilikuwa imepanda ikashindana na ya New York, na mwalimu au muuguzi wa kawaida alishindwa kuimudu. Naomba kila mtu anayezungumza na kampuni yoyote aulize kwanza kisima kitatoa mafuta kwa miaka mingapi, ndipo aulize mapipa.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako nadhani Wakenya wengi wanajidanganya kwa mifano ya Marekani. Huko, mwenye shamba mara nyingi ndiye mwenye madini yaliyo chini yake, na kwa desturi ya zamani hulipwa mrabaha wa sehemu moja ya nane ya mafuta yanayotoka, au zaidi. Huyo ndiye mkulima tunayemsikia ametajirika. Lakini kuna jirani yake ambaye haki ya madini iliuzwa zamani na mababu zake walipobanwa na shida, akabaki na uso wa ardhi peke yake. Kwa huyu wa pili, malori hupita shambani, vumbi hufunika mazao, na malipo anayopata ni fidia ya eneo lililokanyagwa. Ibara ya 62 ya Katiba yetu ya 2010 inasema madini yote na mafuta yote ni ardhi ya umma, yakishikiliwa na Serikali ya Taifa kwa niaba ya wananchi. Mimi naliunga mkono jambo hilo, kwa kuwa mali ya nchi haifai kuwa bahati nasibu ya mwenye ekari tano. Ila tulielewe vizuri: kila mkulima wa Kenya, mwenye hatimiliki na asiye nayo, yuko katika nafasi ya yule mkulima wa pili. Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Asilimia 5 ya jamii haiingii mfukoni mwa mwenye shamba lililotobolewa. Ni ya jamii, na bila kamati inayoaminika itayeyuka kabla ya kufika.

Watu wa upande huu wa nchi tuna sababu ya kuwa waangalifu, kwa maana tulishaonja. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi za wenyeji, ikaahidi kwamba ardhi hizo zimetengwa kwa ajili yao daima, na kwamba ikibidi kipande kichukuliwe, baraza la wenyeji litashauriwa na watapewa ardhi nyingine ya thamani sawa. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikwisha kurekebishwa: ardhi ya badala ikaondolewa, fidia ya pesa ikatosha. Ahadi ya daima ilidumu miaka miwili. Machimbo makubwa ya Rosterman yalifungwa mwaka wa 1952, na waliohamishwa hawakurudishiwa miaka ile. Siku hizi Katiba inatulinda zaidi, na Ibara ya 71 inataka mikataba ya maliasili iidhinishwe na Bunge, lakini mkataba usiosomwa na walioko chini haumlindi mtu.

Kuhusu maji, nitasema kwa kirefu. Kisima kimoja cha mwamba tope huhitaji kati ya lita milioni 6 na milioni 60 za kupasulia mwamba, kutegemea jiwe na urefu wa kisima. Sehemu ya maji hayo hurudi juu yakiwa na chumvi nyingi, kemikali zilizotiwa, na wakati mwingine madini yenye mnururisho yaliyotoka kwenye jiwe lenyewe. Nyufa zenyewe ziko chini sana, na mara nyingi haziwezi kupanda kilomita mbili hadi kwenye visima vyetu. Hatari iko karibu zaidi: saruji inayozunguka bomba ikiwa mbovu, gesi au chumvi hupenya kwenye tabaka la maji ya kunywa, bwawa la majitaka likipasuka, humwagika mtoni. Shirika la mazingira la Marekani lilihitimisha mwaka wa 2016 kwamba shughuli hizi zinaweza kuathiri maji ya kunywa katika hali fulani, na lilitaja hali za namna hiyo. Fikirini sasa bwawa kama hilo likiwekwa Nyanda za Kano, ambako mto Nyando huvunja kingo zake karibu kila masika. Huko Oklahoma, jimbo jingine la Marekani, majitaka yalisukumwa chini ya ardhi kwa wingi hadi yakazua mitetemeko, mmojawapo wa ukubwa wa 5.8 mwezi Septemba 2016. Sisi tumekaa juu ya tawi la Bonde la Ufa.

Usafirishaji nao una makaburi yake. Usiku wa tarehe 6 Julai 2013, treni iliyobeba mafuta ya Bakken iliacha reli katikati ya mji wa Lac-Mégantic nchini Kanada, ikalipuka na kuua watu 47. Sisi hatuhitaji kwenda Kanada. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, na zaidi ya watu 100 waliokusanyika kuchota waliteketea. Kisima kimoja cha mwamba tope huleta safari za malori zinazozidi 1,000 katika maandalizi yake tu, na nyingi zingepita barabara za murram ambazo watoto wetu huzitumia kwenda shule.

Hatuna kisima cha mafuta hapa, ingawa bonde la Nyanza limewahi kutafutiwa mafuta chini ya leseni ya Kitalu 12B. Kwa nini basi tuzungumze mapema? Kwa sababu ya ushahidi. Katika visima vya Nakuru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji yana floridi nyingi kwa asili, na meno ya watu yamebadilika rangi tangu utotoni. Kampuni ikija na maji yakaharibika, itasema yalikuwa hivyo tangu zamani, na mkulima asiye na kipimo cha zamani hatakuwa na la kumjibu wakili. Nimeona kesi ya kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, ikianguka kwa sababu hiyo peke yake: kila mtu kijijini alijua kisima kimebadilika ladha, na hakuna aliyekuwa na karatasi.

Kwa hivyo nimekuja na chupa. Ziko pale mlangoni, zimeoshwa na zina vifuniko vyake. Kila chama cha watumiaji maji kichukue sita, kijaze kutoka visima vitatu tofauti, chupa mbili kwa kila kisima, kiandike jina la kisima, tarehe na kina chake, na kuzirudisha siku hiyohiyo zilipojazwa. Moja itapimwa chumvi, floridi na metali, na ya pili itahifadhiwa baridi kwa ajili ya kupima tena. Matokeo nitawapa kwa maandishi yenye muhuri wa maabara, nakala moja kwa chama na nyingine kwa ofisi ya chifu. Walio na maswali kuhusu namna ya kuchota, nitabaki hapa mbele.