Mishale Isikupotelee, Isikuvunjikie: Mazoezi ya Upinde Kwenye Uwanja wa Wazi

Karibuni watazamaji. Upinde ukiutunza unakaa miaka, lakini mishale huisha. Unatoka nyumbani na sita, unarudi na minne, na kwa kuwa mishale ya kaboni huku kwetu mara nyingi huagizwa nje, kila unaopotea unauma. Video hii ni ya sisi tunaofanya mazoezi shambani au kwenye kiwanja cha mtaa. Wenye uwanja rasmi na shabaha ya mita 70 wana mambo yao. Twende.

Kwanza, andaa mahali kabla hujagusa upinde. Tazama nyuma ya shabaha yangu: kuna tuta la udongo lililopita kimo cha mtu, na nimeokota mawe yote. Mshale ukikosa shabaha unazama kwenye udongo laini na kutulia hapo. Usisimamishe shabaha mbele ya ukuta wa matofali, gogo au mwamba. Ukikosa mara moja tu, mshale umekwisha. Huna tuta? Ning'iniza zulia kuukuu nyuma ya shabaha, na uliache lining'inie ovyo. Zulia likikazwa, mshale unalitoboa na kupita. Likilegea, linayumba na kumaliza nguvu ya mshale. Hata hivyo, nyuma ya zulia bado pawe patupu kabisa: pasiwe na njia ya watu wala mifugo.

Halafu fyeka majani, na hapa wengi wanapakosea. Wanafyeka nyuma ya shabaha, wanasahau mbele. Mshale uliopigwa chini haujichomi ardhini kama mkuki. Unafika ukiwa karibu umelala, unateleza kati ya majani na udongo, unajificha wote pamoja na manyoya. Mwenyewe anahangaika kichakani huko mbali, kumbe mshale uko hatua chache tu kutoka kwenye shabaha.

Shabaha yenyewe ni hii: kiroba kilichoshindiliwa nguo kuukuu hadi kikawa kigumu. Kata zipu na vifungo vya chuma kabla ya kujaza. Miguu ya mbao ya kitegemeo kinachoshikilia kiroba nimeizungushia mpira wa tairi kuukuu, maana mshale hauchagui.

Sasa chora alama kadhaa kwenye kiroba, kila mshale na alama yake. Ukilenga nukta moja kwa mishale yote, siku mkono utakapotulia utapasua kitako, yaani mwisho wa nyuma unaokaa kwenye kamba ya upinde, cha mshale uliotangulia. Watu hupiga picha na kushangilia mshale uliopasua mwenzake. Mimi naona mishale miwili iliyoharibika.

Anzia mita 10. Usirudi nyuma mpaka mishale yote inakaa ndani ya kiroba, kila zamu. Na chagua manyoya ya rangi ya chungwa au pinki. Kijani, kahawia na nyeusi waachie wawindaji. Andika pia namba kwenye kila mshale, ili ujue ni upi haujarudi na upi una tabia ya kwenda kombo.

Haya, mshale umekosa. Simama hapo hapo! Usipige mwingine "kumalizia zamu", kwa sababu macho yatahamia kwenye huo mpya na njia ya ule wa kwanza itakutoka kichwani. Bila kusogeza miguu, fuata kwa macho mstari ambao mshale umeupitia mpaka kwenye kitu kisichohama: kichuguu, nguzo ya ua, shina la mwembe. Chomeka kijiti katikati ya miguu yako. Mwenzako asimame kwenye kijiti, pinde zote ziwe chini, akuelekeze: kulia kidogo, kushoto, hapo hapo.

Anza kutafuta karibu, ndipo uende mbali. Tembea pembeni ya mstari, usije ukaukanyaga mshale ukauvunja kwa kiatu chako mwenyewe. Chukua reki na uivute kwa kukingama, toka upande mmoja wa mstari hadi wa pili. Mshale umelala kufuata njia uliyojia, kwa hiyo ukivuta reki sambamba nao, meno yanapita pembeni bila kuugusa. Kama jua linaelekea kuzama, chuchumaa ukiwa umelielekea, utafute kinachometa ardhini. Giza likishaingia, laza tochi chini kabisa, mwanga utambae juu ya ardhi. Tochi ya kusimama nayo inamulika majani tu.

Umeuona? Usiunyanyue kwa juu. Ncha imezama udongoni, na ukiunyanyua unauvunja karibu na ncha. Urudishe nyuma kwa njia ile ile ulioingilia. Ukiwa umeingia kwenye mti, chimbua mti kwa kisu, usiutikise mshale. Na kwenye kiroba: mkono mmoja ukandamize kiroba, wa pili ushike mshale karibu kabisa na kiroba, vuta sawasawa. Kabla ya kuvuta hakikisha hakuna mtu nyuma yako, kitako kisimpate jichoni.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba kamera isogee. Mshale wa kaboni hauonyeshi jeraha kirahisi. Ufute udongo, uzungushe kwenye mwanga, kisha pitisha pamba kutoka ncha hadi manyoya. Pamba ikinasa, kuna nyuzi za kaboni zilizochanika. Baadaye shika ncha zote mbili, uweke mbali na uso, ukunje kidogo huku ukisikiliza. Geuza, kunja tena, pande zote. Ukisikia mlio wa kukatika, mshale huo hauvutwi tena. Kaboni yenye ufa inaweza kupasuka unapoachia upote, yaani kamba ya upinde, na vipande vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Angalia pia kitako cha plastiki: kikiwa na ufa, kinaweza kuteleza kwenye upote, upinde ukafyatuka bila mshale, na upinde wenyewe ukavunjika.

Wa alumini uviringishe juu ya kioo au meza bapa. Ukiyumba, umepinda. Wa mti una bahati: ukipinda, unanyooka. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huupasha mshale kwenye moto na kuunyoosha kwa meno. Lakini usijaribu moto kwenye kaboni, kwani joto huharibu gundi inayoshikilia nyuzi zake.

Mshale uliovunjika bado una vitu vya kuokoa. Chomoa kitako. Ncha ya chuma, kama imegandishwa kwa gundi ya kuyeyuka, itumbukize kwenye maji ya moto kisha ivute kwa koleo. Isipotoka, iache. Kipande cha kaboni kilichobaki kizungushie utepe wa gundi ncha zote kabla ya kukitupa kwenye pipa, na usikiache majani, maana hapa wanapita ng'ombe na watoto wasiovaa viatu.