Salamu Zisubiri: Ubongo na Mwendo Baada ya Kiharusi

Asalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja. Hapa Mji Mkongwe kumtoa mtu kwenye kahawa yake saa hizi si jambo dogo.

Mtazameni mzee aliyepata kiharusi akipita kichochoroni. Kandambili ya upande uliopooza imelika ncha, maana vidole vinakwaruza chini kila hatua. Mbele inakuja vespa. Barazani anatupiwa salamu, naye ni muungwana, lazima aitikie. Hapo ndipo anapopepesuka.

Asiyeumwa hatembei kwa kufikiri. Mwendo wake huendeshwa zaidi na uti wa mgongo na sehemu za chini za ubongo. Kiharusi kikishapita, sehemu ya mbele, hii iliyo nyuma ya paji la uso, inabebeshwa kazi ya kusimamia hatua. Limejulikanaje? MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inataka mtu alale asitikisike. Lakini mwaka 1977, huko Marekani, mtafiti Frans Jöbsis alionesha kwamba kuna mwanga usioonekana kwa macho, jirani na mwekundu, unaopenya fuvu. Damu yenye oksijeni na ile iliyokwishaitoa haziufyonzi sawasawa. Basi mgonjwa huvishwa kofia yenye vitaa, akatembea, na kompyuta ikasoma tofauti. Haifiki mbali, husoma tabaka la juu tu.

Tafiti nyingi, ingawa si zote, zimekuta oksijeni ya hapo mbele ikipanda kuliko kwa asiyeumwa. Akipewa hesabu huku anatembea, mwendo nao hupungua. Msidhani kupanda huko ni neema! Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, mishipa hutanuka, ikaletwa damu yenye oksijeni kupita inayotumika. Ni jasho la ubongo hilo.

Kwa hiyo mwacheni asimame, ashike ukuta, ndipo aitikie. Mtafutieni kiatu kinachofunga kisigino. Mazungumzo yarudishwe kidogo kidogo wakati wa mazoezi, akiwa na mtu ubavuni, kwani mtaa hautanyamaza kwa ajili yake.

Bibi pale nyuma anauliza kama amnunulie mumewe mtungi wa oksijeni. Bibi, ikiwa daktari amempima akaona oksijeni ya damu iko sawa, usinunue. Uingereza waliwajaribu wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 8,000, matokeo yakatoka 2017: waliopewa oksijeni siku za mwanzo hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao baada ya miezi mitatu. Pesa hiyo iwe nauli ya kumpeleka mazoezini.