Masta iliyobanwa haipigi: mhadhara kwa watu wa studio na wenye spika, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Nimefurahi kuona watu wa studio, watu wa taarabu na wenye muziki wa kukodi mmekaa ukumbi mmoja, maana ugonjwa ninaouzungumzia leo, kuibana masta (nakala ya mwisho ya wimbo) kupita kiasi ili isikike kubwa, unaanzia kwa wa kwanza na unaunguza spika za wa mwisho. Sina picha za kuonyesha ukutani. Nina kompyuta, spika mbili na vipande vya nyimbo tutakavyovisikiliza tunavyokwenda.

Tuanze na dari. Kwenye sauti ya kidijitali namba ya juu kabisa ni sifuri, ndiyo maana mita zenu zinasoma desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hasi: -3, -10, -20. Juu ya sifuri hakuna kitu. Wimbi likitaka kupita pale linakatwa kichwa, linabaki bapa. Kuteremka chini kuna nafasi tele: kila biti inabeba kama desibeli 6, kwa hiyo CD ya biti 16 ina karibu desibeli 96, na faili la biti 24 lina kama 144. Halafu mtu anachukua nafasi yote hiyo na kuubana wimbo mzima ndani ya desibeli 6 za juu.

Kwa nini anafanya hivyo? Kwa sababu sikio halipimi kilele, ile ncha ya juu ya wimbi. Sikio linapima wastani wa nguvu kwa muda. Nyimbo mbili zinaweza kugusa dari ileile, moja ikasikika kubwa maradufu ya nyingine. Kwa makadirio ya kawaida, desibeli 10 zikiongezeka kwenye wastani, mtu huona sauti imekuwa mara mbili. Ngoma kama msondo, ikipigwa mbele ya maikrofoni, kilele chake kinaweza kuruka desibeli 15 au hata 20 juu ya wastani. Pigo ndilo hilo: ile tofauti. Ukitaka kupandisha wastani na dari haisogei, kinachobaki ni kukata vilele. Unaposema umeuongezea wimbo sauti, umeupunguzia pigo.

Mashindano haya hayakuanza na kompyuta. Enzi za sahani za santuri, watu walishindana nani atasikika zaidi kwenye mashine za muziki za mabaa, lakini sahani yenyewe ilikuwa na breki: mfereji wa bezi nzito ni mpana, unakula muda wa upande mmoja, na ukizidisha sindano inaruka. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 breki hiyo iliondoka. Mwanzoni mafundi waliacha nafasi. Mwaka 1994 ikatoka limita ya programu ya L1 ya kampuni ya Waves, inayotazama mbele kidogo kabla ya kilele kufika na kukishusha bila kukosa hata kimoja. Ni chombo kizuri sana, na ndicho kilichotufungulia balaa. Kufikia 2008 wapenzi wa bendi ya roki ya Metallica waligundua kwamba albamu ya Death Magnetic ilisikika safi zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero kuliko kwenye CD, kwa sababu nyimbo za kwenye mchezo hazikuwa zimebanwa kwa kiasi kile. Watu wa kawaida, wasio mafundi, waliandika malalamiko kudai masta mpya.

Sasa tuingie ndani ya limita, na tutumie singeli, maana huko ndiko nyumbani na ndiko kunakoharibika zaidi.

Chukua wimbo wa mapigo 240 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 250, na robo ya pigo ni milisekunde 62 na nusu. Limita inashusha sauti kilele kinapopita, kisha inahitaji muda kuirudisha. Ukiweka muda wa kurudi milisekunde 200, ambao watu wengi hawaugusi kabisa, limita haijarudi bado robo ya pili, ya tatu na ya nne zimeshafika. Inabaki imekaa chini wimbo mzima. Hapo ndipo unaposikia kiki (nazungumzia ngoma ya mguu, si ile ya mitandaoni) imekuwa kama mtu anagonga boksi la karatasi. Basi mtu anasema nitafupisha, anaweka milisekunde 5. Lakini bezi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, inachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja. Limita inapanda na kushuka ndani ya wimbi lenyewe, inalichonga umbo jingine, na bezi inaanza kukwaruza. Mlango uliobaki ni mwembamba: kwa kasi hiyo, anzia kati ya milisekunde 30 na 50, kisha usikilize. Hakuna namba itakayokuokoa ukiiomba limita moja ishushe desibeli 10.

Sikilizeni vipande hivi viwili. (Vikachezwa kwa usawa mmoja wa sauti.) Wa pili umebanwa desibeli 9. Mmesikia makofi yameondoka wapi? Hayajaondoka, yamezama usawa mmoja na kinanda.

Kwenye taarabu dalili ni nyingine. Kodiani na fidla hushika noti ndefu, wastani wake uko juu tayari, kwa hiyo limita inapofanya kazi inazisukuma mbele na kumrudisha mwimbaji nyuma. Na kila desibeli unayopandisha, unapandisha pia vilivyokuwa kimya: vifungo vya kodiani vinagonga, kiti kinalia. Bana desibeli 10, na kati ya mstari na mstari utaisikia feni ya studio ikiitikia pamoja na kina mama.

Haya, mtu ataniambia: bora ipasuke kidogo, ilimradi isikike. Tuhesabu. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa njia ya kupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, BS.1770, na kipimo chake tunakiandika LUFS. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaijengea kanuni yao ya R 128, inayotaka vipindi vikae -23. Majukwaa ya muziki yakafuata kwa namba zao. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inacheza kwenye -14, YouTube vilevile inashusha kinachozidi kama -14, Apple Music inakaa -16.

Sasa weka masta mbili. Ya kwanza ina -7 LUFS, ya pili -14, zote vilele vyake vinafika -1. Jukwaa linaishusha ya kwanza desibeli 7. Wastani wa zote mbili sasa ni sawa, -14. Vilele vya ile iliyobanwa vimeshuka hadi -8, vya ile nyingine bado viko -1. Ngoma za pili zinaruka desibeli 7 juu zaidi ya za kwanza. Yule aliyebana ili ashinde ndiye anayesikika mnyonge. Wala usidhani utangulizi mrefu wa kimya utakupunguzia hesabu: kipimo kina mlango unaotupa vipande vilivyo chini ya wastani kwa zaidi ya 10, kwa hiyo kinachohesabiwa ni pale wimbo unapoimba kweli.

Lakini tuko Tanga, nami sitaki kuwadanganya. Muziki hapa unatembea kwa flashi, kwa blututhi, kwa WhatsApp, na DJ anaupiga kutoka kwenye folda ambako hakuna anayeshusha chochote. Hoja ya prodyuza anayeogopa wimbo wake kusikika mdogo ndani ya daladala ni hoja ya kweli. Jibu langu: singeli na nyimbo za kuchezea zinaweza kukaa -10, hata -9, pale penye kelele zaidi, na zikabaki na pigo, ilimradi ukubwa huo umetengenezwa kwenye miksi, pale unapopanga ala na sauti kabla ya masta. Taarabu iacheni kati ya -16 na -14. Kuanzia -8 kwenda juu unalipia kila desibeli kwa kitu ambacho msikilizaji alikuwa anakipenda.

Ukubwa unatengenezwaje kwenye miksi? Anza na bezi, ndiyo inayokula nafasi bila kuonekana. Kata kila kitu chini ya hezi 30. Spika nyingi mitaani hazikitoi, lakini mita inakihesabu na limita inakiogopa. Kiki na bezi zikigongana, ishushe bezi desibeli 2 au 3 kwa kila pigo la kiki, irudi haraka. Kiki yenyewe unaweza kuikata kichwa desibeli 1 au 2 kwenye chaneli yake peke yake. Kukata kufupi juu ya ngoma hakusikiki sana, tofauti na limita inayokandamiza wimbo mzima kwa kosa la kiki. Vokali zinyooshe kwa mkono kwanza, neno kwa neno, kwa kupandisha na kushusha kipande, halafu kompresa, ndugu wa limita anayebana kwa upole zaidi, ya 2 kwa 1 au 3 kwa 1 imalizie desibeli 3 hadi 6. Kwenye ngoma, mpe kompresa milisekunde 10 hadi 30 kabla haijashika, ili ncha ya pigo ipite kwanza. Na punguzeni ala. Vinanda vitano vinavyocheza noti zilezile ni kelele tu, na kelele inajaza wastani.

Miksi ikiwa tayari, tazama chaneli ya masta. Baadhi ya violezo vya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, hufunguka na limita imeshakaa pale. Wengi wanamiksi ndani yake bila kujua. Iondoe. Vilele viache karibu na -6, toa faili la WAV la biti 24 kwa idadi ileile ya nukta za sauti kwa sekunde uliyorekodia, usiguse kitufe cha kunyanyua sauti hadi sifuri. MP3 si ya kumpelekea fundi wa masta.

Kwenye masta, dari ya limita weka -1, na iwe limita inayopima kilele halisi. Kompyuta inahifadhi nukta za wimbi, lakini wimbi linapochorwa upya kati ya nukta linaweza kupanda juu kuliko nukta zenyewe, na faili likibadilishwa kuwa MP3 au AAC umbo linabadilika tena. Masta yenye dari ya -0.1 ni safi studio na inapasuka kwenye simu. Spotify wenyewe wanashauri -2 kwa masta iliyozidi -14. Limita isishushe zaidi ya desibeli 2 au 3 mahali penye nguvu kuliko pote. Ikihitajika zaidi, rudi kwenye miksi.

Kisha jambo ambalo watu wanaliruka, nami naliona kubwa kuliko plagini zote, zile programu ndogo za studio: linganisha kwa usawa. Kitu kilichopanda hata desibeli 1 hulidanganya sikio kwamba ni kizuri zaidi. Miksi ikisoma -18 na masta -10, ishushe masta desibeli 8 kabla ya kuzibadilisha moja kwa nyingine. Mita ya Youlean ina toleo la bure, hakuna kisingizio. Mara nyingi utaona ile kazi ya saa mbili ilikuwa kelele tu.

Redioni sitakaa. Kituo kina mashine yake inayobana tena kila kinachopita. Ukiipelekea kilichobanwa, inakiongezea mkwaruzo.

Wenye muziki wa kukodi, hapa ndipo panapowahusu mfukoni. Chukua amplifaya inayoweza kusukuma wati 800 kwenye kilele. Wimbo ambao kilele kimeuzidi wastani kwa desibeli 12 unaipa koili ya spika wastani wa wati 50. Wimbo uliobanwa hadi desibeli 6, kwa kilele kilekile, unaipa wati 200. Joto mara nne, usiku kucha, na DJ naye anasukuma miksa hadi taa nyekundu. Vilele vikikatwa vinazaa pia masafa ya juu ambayo hayakuwemo, na yanakwenda moja kwa moja kwenye spika ndogo za juu, ndiyo maana hizo hutangulia kufa. Usiku ukisikia sauti imekauka na kuchoma sikio, shusha desibeli 3. Umeondoa nusu ya nguvu, na wachezaji wengi hawatagundua.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: mteja akisema wimbo wake uko chini kuliko wa fulani? Usibishane naye kwa namba. Weka nyimbo zote mbili kwenye spika moja, shusha wa fulani hadi zilingane, umwachie achague bila kutazama skrini. Akichagua uliobanwa, mpe. Hela ni yake.

Na swali la mwisho, kuhusu kuhamishia tepu za zamani kwenye kompyuta. Hapa mjini vimepita vikundi vya muziki kama Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star, na kanda za enzi zile bado zimo makabatini, zinakula unyevu wa pwani. Kabla ya kucheza, safisha vichwa vya mashine kwa spiriti safi ya isopropili, urekebishe ulalo wa kichwa mpaka sauti za juu zifunguke. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, vilele visizidi -6, bila kompresa wala kichujio chochote. Tepu ikinata na kulia inapopita, isimamishe, umpelekee anayezijua. Kuna za kuokwa kwa joto dogo linalosimamiwa, na kuna za asetati ambazo joto huziua, kwa hiyo oveni ya jikoni msiifikirie. Faili ghafi likipatikana, liwekeni sehemu mbili tofauti, lisiguswe tena. Nakala ndiyo isafishwe na kupandishwa, na -16 inatosha, kwa kuwa ukienda zaidi mnachokipandisha ni mvumo wa tepu.