Losheni ya rangi ya jua na pua ya anayeipulizia

Wadogo zangu, mtakaoajiriwa saluni za mahotelini mtakutana na chupa hizi. Mgeni anataka arudi kwao na rangi ya jua bila kuanikwa juani. Msicheke, na sisi tuna wenzetu wa mkorogo, njia ni hiyo hiyo, wao wanaipita kinyume.

Kinachofanya kazi humo ni sukari iitwayo dihidroksiasetoni. Miaka ya 1950 huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiwanywesha watoto wagonjwa sukari hiyo. Mtoto akitema, pale ilipodondokea ngozi ikageuka hudhurungi, nguo zikabaki vilevile. Naye akajipaka mwenyewe, ikawa hivyo hivyo. Ni kama andazi linavyopata rangi kwenye mafuta, sukari imekutana na protini, ila hapa moto hauhitajiki. Na kazi yote inaishia juu kabisa, kwenye seli zilizokwisha kufa. Ndiyo maana wiki moja hivi rangi imekwisha, na ndiyo maana viwiko, magoti na visigino hukoza kuliko pengine: ngozi mfu hapo ni nene. Sugueni kwanza, mpake kidogo.

Kwa kupaka, basi, sina ugomvi nayo sana. Wapo inaowawasha, hasa kwa manukato yaliyotiwa humo, kwa hiyo jaribuni kwanza nyuma ya sikio.

Ugomvi wangu ni mashine ya kupulizia. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu sukari hii ipakwe nje ya mwili tu, isifike midomoni, machoni wala ndani ya pua. Sasa ule ukungu utauzuia na nini? Mteja anafumba macho dakika chache, anavaa, anaondoka zake. Wewe unamkaribisha wa pili, wa tatu, mpaka jioni, chumba hakina dirisha. Daini barakoa na feni ya kutoa hewa kabla hamjaulizia mshahara.

Vidonge vya kubadili rangi msiviguse kabisa: rangi iliyomo, kanthaksanthini, imewahi kuwaachia watu chembechembe ndani ya jicho.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada. Akishapakwa anaweza kwenda ufukweni bila losheni ya kukinga jua? Hapana. Rangi ile inazuia jua kidogo mno. Mpe ya kukinga, na kofia.