Uzamivu wa Viumbe wa Majini: Vijana wa Kigoma Mko Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wanafunzi, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie nafasi za masomo ya uzamivu (PhD) katika ikolojia ya mageuko ya viumbe wa majini. Nitaanza na samaki, maana bila samaki habari hii inabaki makaratasi matupu.

Pale mwaloni Katonga, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mchanganyiko wa samaki wadogo wa mawe, utampata mmoja ambaye mdomo umemwenda upande. Hakuvunjika taya, ndivyo alivyoumbwa. Mshike, mgeuze mtazamane uso kwa uso, kisha mchukue na wa pili: huyu mdomo umepinda kulia, yule kushoto. Wanasayansi wanamwita Perissodus microlepis, na chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Anavizia kwa nyuma. Mwenye mdomo wa kulia anang'oa magamba ya ubavu wa kushoto, na wa kushoto vivyo hivyo upande wa pili.

Kwa nini basi upande mmoja haujaushinda mwingine ukaufuta kabisa? Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alitoa maelezo yake. Wenye mdomo wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa huzoea kuulinda ubavu wa kushoto. Hapo wale wachache wa kushoto wanashiba, wanazaa zaidi, na baada ya muda hesabu inarudi karibu nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo ikolojia ya mageuko: adui, chakula, joto la maji na mwenza wa kuzaa naye vinaamua nani aache watoto wengi, na uamuzi huo unakibadilisha kizazi kinachofuata.

Ziwa Tanganyika lina umri wa takribani miaka milioni 9 hadi 12, na kina chake kinafika mita 1,470. Jamii moja tu ya samaki, sikilidi, ina aina zipatazo 240 humu, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Watafiti wa Basel, Uswisi, wameshasoma jenomu, yaani taarifa nzima za urithi, za karibu aina zote hizo. Kazi nzuri sana, nami naiheshimu. Lakini inaniuma kwamba wengi wanaoongoza tafiti za ziwa hili wanatoka mbali, na vijana wetu tunawakuta wakiendesha boti na kubeba mitungi ya hewa ya wazamiaji.

Chukueni dagaa. Kila mtoto wa Kibirizi anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu. Anajua migebuka, samaki wawindaji, wanafuata dagaa. Sasa uliza swali la mageuko: tukivua miaka na miaka kwa nyavu za macho madogo, je, dagaa wanaanza kuzaa wakiwa wadogo zaidi? Si swali la kubuni tu. Chewa (kwa Kiingereza "cod") wa pwani ya mashariki ya Kanada walikuwa wakipevuka mapema na wakiwa wadogo zaidi kadiri uvuvi ulivyowaandama, mpaka uvuvi wenyewe ukafungwa mwaka 1992. Na sisi mwaka 2024 tulipumzisha ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Je, miezi mitatu inabadili nini katika umri wa samaki wanaobaki? Hapo pana uzamivu mzima, na mwenye kuweza kuufanya vizuri ni yule anayeelewana na wavuvi bila mkalimani.

Sasa nafasi zenyewe. Uswisi na Ujerumani, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: anapewa mkataba wa miaka mitatu au minne na analipwa mshahara. Nafasi hutangazwa na msimamizi mwenye mradi, kwa hiyo tafuteni watu kwanza, majina ya vyuo baadaye. Angalieni Basel, Bern, taasisi ya maji ya Eawag, na Taasisi ya Max Planck iliyoko Plön. Nyumbani tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine, na TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ina kituo hapahapa Kigoma. DAAD, shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo, nao hufadhili masomo ya uzamivu ndani ya Afrika. Mara nyingi utatakiwa kuwa na shahada ya umahiri (Master's). Takwimu usizikimbie, anza leo kujifunza R, programu ya bure, hata kwa kompyuta ya kuazima.

Halafu andika barua pepe. Fupi, nusu ukurasa. Soma kwanza makala mbili za huyo msimamizi, taja kilichokugusa, weka swali lako la ziwa, ambatisha wasifu na majina ya walimu wawili wanaokufahamu kweli. Barua moja isiyomtaja mpokeaji kwa jina, iliyotumwa kwa maprofesa hamsini, hutupwa. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine. Wakala akikudai pesa ili "akupatie" nafasi, mkimbie.

Na wazazi mlioko hapa, binti akisema anataka kuzamia miambani kuhesabu samaki, msimzuie. Mnunulieni miwani ya maji.

Nawaachia maikrofoni. Tuanze na yule dada pale dirishani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja mshahara.